Mtoto Asiyetulia na Amri ya Nne



Juma lililopita tulijifunza Amri ya Nne, ile imwagizayo mtoto kuwaheshimu baba yake na mama yake. Mlijibu maulizo vizuri. Lakini mafundisho yalipokwisha, mama mmoja alibaki nyuma, akajifanya anafunga upya nguo ya mtoto mgongoni, akangoja wenzake watoke wote. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, na mtoto asiyeweza kushika neno hata moja, yeye naye aivunja amri hiyo kila siku? Mwanangu wa pili hatulii. Nimempiga, nimemnyima chakula, nimemwombea. Sasa majirani wasema kuna kitu ndani yake, na baba yake ataka kumpeleka kwa watu wa chumba cha maombi wamfungie siku saba bila kula."

Nilimwomba asimpeleke mahali popote kabla ya kurudi kwangu. Mambo niliyomwambia aliporudi nayaandika hapa, kwa kuwa katika vijiji vyetu vya Beni, Butembo na Lubero hakuna kilima kisicho na mtoto wa namna hiyo.

Kabla ya kuwafundisha yanipasa kuungama. Katika miaka ya kwanza ya ualimu wangu nilikuwa na mvulana mmoja wa darasa la tatu. Jina lake silitaji. Alikuwa akiinuka kwenye benchi kama mtu aliyekalia siafu. Nikiuliza swali, alijibu kabla sijalimaliza, na mara nyingi alijibu swali ambalo sikuliuliza. Alipoteza kalamu tatu kwa juma moja. Kila ukurasa wa daftari lake ulianza kwa maandiko mazuri, na kufika mstari wa nne maandiko yalikuwa yametawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Lakini liko jambo moja lililonikasirisha kuliko yote. Uwanjani mtoto huyohuyo aliweza kuketi chini ya mti kwa muda mrefu, ulimi nje, akichonga chukudu ndogo ya mbao, na magurudumu yake yakazunguka kweli. Nikasema moyoni: Kumbe aweza! Basi darasani hataki. Nikampigisha magoti juu ya changarawe mbele ya bendera, siku baada ya siku. Mwezi wa tano hakurudi tena shuleni, nami sikwenda kumtafuta kwao.

Neno lile "hataki" ndilo lililonipoteza. Nililisema upesi mno, wala sikuuliza kama labda mtoto hawezi. Na kati ya kutotaka na kutoweza kuna mlima mkubwa, kama mtakavyoona.

Waganga wa hospitali wameijua hali hii kwa muda mrefu. Mwaka wa 1902, mjini London, mganga wa watoto aitwaye George Still aliwaeleza waganga wenzake habari za watoto aliowaona: watoto wenye akili njema, waliolelewa vizuri, lakini wasioweza kujitawala wala kukaza fikira juu ya kazi moja. Yeye mwenyewe aliona kasoro hiyo kuwa iko katika kujitawala kwa tabia. Waganga waliokuja baada yake walichunguza zaidi, wakatambua kwamba chanzo ki katika ubongo, na katika namna unavyokua. Siku hizi wanaiita kwa herufi nne za Kifaransa, TDAH. Maana yake ni kwamba mtoto amepungukiwa na nguvu ya kukaza fikira, au hatulii kupita kiasi cha umri wake, au ana yote mawili pamoja.

Katika ubongo wetu, nyuma ya paji la uso, ziko sehemu zinazotuwezesha kungoja, kukumbuka tulilotumwa, na kujizuia tusiseme au tusitende mara moja kila lijalo moyoni. Kwa mtoto mwenye hali hii sehemu hizo hukua polepole, na kwa wengine huchelewa miaka kadhaa. Ninyi mlimao kahawa mwajua jambo la namna hii. Mti wa kahawa uliopandwa leo hauzai mwaka huu wala mwaka ujao. Mwenye shamba haupigi fimbo; aupalilia, autilia kivuli, angoja mwaka wa tatu au wa nne. Mtoto wa miaka tisa mwenye TDAH aweza kuwa na akili ya kuhesabu ya miaka tisa, au hata kupita, lakini nguvu yake ya kungoja ikawa ya mtoto wa miaka sita. Nasi twamdai miaka tisa yote, tena kwa viboko.

Na ile chukudu? Naona hapa ndipo wazazi wengi na walimu wengi hukosea kama nilivyokosea mimi. Mtoto huyu akipenda jambo, nalo likimpa furaha papo hapo, aweza kuzama ndani yake hata asisikie akiitwa. Kila kipande cha mbao alichochonga kilimlipa mara moja: alikata, akaona. Bali mistari ya kunakili ubaoni haimlipi kitu hata mwisho wa mwezi, siku ya matokeo. Mtu mwingine aweza kujisukuma kwa kazi isiyompendeza kwa sababu akumbuka malipo ya mbali. Mtoto huyu, malipo ya mbali kwake ni kama hayapo. Kwa hiyo yeye hukaza fikira mahali fulani na kushindwa mahali pengine, na hii si hila. Ndiyo hali yenyewe.

Waganga wasema kwamba kati ya watoto 100, karibu 5 wana hali hii, katika nchi zote za dunia. Basi darasa la watoto 60 laweza kuwa nao 3. Tangu Septemba 2019, Serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, madarasa yetu yamejaa kupita hapo zamani. Na katika msongamano ule mtoto asiyetulia ndiye wa kwanza kufukuzwa, kwa kuwa ndiye aonekanaye upesi. (Yafaa tuseme kweli pia juu ya shule zetu. Tangu wamisionari Waassomption walipofika katika nchi hii mwaka wa 1929, tumefundisha kwa mistari iliyonyoka, kengele na ukimya. Njia hiyo imewafaa wengi, nami ni mmoja wao. Haikuwafaa wote.)

Msidhani ni wavulana tu. Wako wasichana wenye hali hiyo, tena wengi wao hawaruki wala hawapigi kelele. Huketi kimya, macho yakitazama dirisha, fikira zikiwa mbali. Mama amtuma binti kuleta chumvi kwa jirani. Aenda, akuta wenzake wachota maji, arudi baada ya saa nzima bila chumvi wala habari ya chumvi. Aitwa mvivu, mjinga, kichwa cha ungo. Hakuna ampelekaye kwa mganga kwa sababu hamsumbui mtu. Huyu naye ateseka, na mateso yake hayana kelele.

Hali hii yatoka wapi? Mara nyingi yafuata damu. Mzazi akimwuliza bibi vizuri, aweza kusikia kwamba baba wa mtoto, au mjomba wake, alikuwa vilevile alipokuwa mdogo. Tena yaonekana zaidi kwa watoto waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia. Ndiyo sababu moja zaidi kwa mama mjamzito kwenda kupimwa, na kuacha pombe, ambayo huharibu ubongo wa mtoto tumboni kwa njia nyingi. Lakini haitoki katika malezi mabaya, wala laana ya ukoo, wala kutembelewa na mtu usiku.

Sasa turudi kwenye ulizo la yule mama, nalo nalipanga kwa namna ya Katekisimu yetu, ili mweze kulishika.

Ulizo: Mtoto asiyetulia atenda dhambi kila asipotii?
Jibu: Hapana. Ili dhambi iwe dhambi, mtu hana budi kujua kwamba tendo ni baya, na kulikubali kwa hiari yake. Mtoto asahauye kwa kuwa hakuweza kukumbuka, au arukaye kabla ya kufikiri, hakukubali kitu kwa hiari.

Ulizo: Basi hawezi kutenda dhambi kamwe?
Jibu: Aweza, kama sisi sote. Akisema uongo huku akijua, au akimdhulumu mdogo wake kwa makusudi, afundishwe na kuonywa. Hali yake haimwondolei dhamiri. Kwa hiyo mzazi apime kila tendo peke yake, asihukumu mtoto mzima.

Ulizo: Amri ya Nne yawadai watoto tu?
Jibu: La. Yawadai na wazazi. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakolosai na Waefeso, baada ya kuwaambia watoto watii, aliwageukia akina baba papo hapo, akawakataza kuwachokoza watoto wao. Na kwa Wakolosai alitaja sababu, kwamba mtoto aweza kuvunjika moyo.

Hilo la kuvunjika moyo nimeliona kwa macho yangu. Mtoto asikiaye "mbaya wewe" mara ishirini kwa siku haongezeki wema. Akifika miaka kumi na miwili aanza kusadiki. Huacha shule, huacha Misa, hutafuta wale watakaomkubali alivyo. Nanyi mwajua ni akina nani wanaowangoja vijana wa namna hiyo katika misitu yetu na njiani, wakiwa tayari kumpa mtoto bunduki.

Lakini tusiende mbio upande wa pili tukasema kila mtoto asiyetulia ana TDAH. Hapa Injili yatufundisha. Katika Marko sura ya 9 twasoma juu ya baba aliyemleta mwanawe kwa Bwana Yesu, mtoto aliyekuwa akianguka na kutoa povu. Watu walikuwa wakibishana kwa kelele. Bwana wetu hakuanza kwa kupiga kelele pamoja nao. Alimgeukia baba, akamwuliza tangu lini jambo hilo limempata mwanawe. Aliuliza! Yeye ajuaye yote aliuliza. Basi sisi tusiojua, mbona twakata shauri bila kuuliza?

Tangu lini? Swali hili moja latenga mambo mengi. Hali ya TDAH yaanza utotoni, kabla ya miaka kumi na miwili. Yaonekana nyumbani na shuleni na kanisani, si mahali pamoja tu. Yadumu miezi sita na zaidi. Mtoto aliyekuwa ametulia, kisha akabadilika ghafula, ana jambo lingine. Na katika nchi yetu jambo hilo mara nyingi ni hofu. Tangu Oktoba 2014 watu wameuawa kwa mapanga katika vijiji vya Beni. Maelfu wamekimbilia Oicha, Beni na Butembo. Mtoto aliyeona nyumba ikiungua hawezi kuketi akiipa mlango mgongo. Kila sauti yamwinua. Halali usiku, na mchana asinzia au agombana. Kisha ulikuja ugonjwa wa Ebola, uliotangazwa kule Mangina tarehe 1 Agosti 2018, nao haukutangazwa kuisha hadi tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa, na watoto wengi walibaki bila mama. Mtoto wa namna hiyo ahitaji mtu wa kukaa naye, kumsikiliza, kumpa usalama na usingizi. Kwa mbali afanana na mwenye TDAH, lakini jeraha lake ni lingine.

Angalieni tena masikio. Mtoto atokwaye na usaha sikioni haasi, hasikii. Mwingine haoni ubao. Mwingine ana minyoo na damu pungufu, au amekuja shuleni bila kula tangu jana. Na yuko yule ambaye katikati ya maneno anyamaza, macho yakodoa kwa sekunde chache, kisha aendelea kana kwamba hakuna kitu: huyo aweza kuwa na kifafa cha kimya, na kifafa kina dawa. Kwa hiyo, kabla ya yote, mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya. Mweleze mwuguzi: tangu lini, wapi na wapi, alala saa ngapi, alizaliwaje, je, aliwahi kuugua malaria kali ya kichwa. Mwalimu wake aandike maneno machache kwenye karatasi, mzazi ayachukue. Kutoka hapo mwuguzi aweza kumtuma kwenye hospitali kuu. Huko Goma Mabruda wa Mapendo wanajulikana kwa hospitali yao ya magonjwa ya akili iitwayo Tulizo Letu. Lakini njia ya Goma ni ndefu, na vita imeifunga mara nyingi, basi tusingoje Goma ndipo tuanze kumtunza mtoto.

Ziko dawa za TDAH. Mwaka wa 1937 mganga mmoja wa Marekani, Charles Bradley, aliona kwamba dawa fulani ya kuamsha mwili, jambo la ajabu, iliwasaidia watoto wasiotulia kukaza fikira. Na dawa za jamii hiyo hutumiwa hata leo katika nchi nyingi. Lakini ni mganga mwenye ujuzi peke yake awezaye kuzitoa, akimpima mtoto mara kwa mara. Kidonge cha sokoni, au dawa ya usingizi ya kumnyamazisha mtoto, ni sumu. Msinunue.

Na juu ya chumba cha maombi nasema wazi. Kusali ni kwema. Mwombeeni mtoto kila siku, tena akiwapo, asikie jina lake likitajwa kwa upendo. Lakini kumfungia mtoto, kumnyima chakula, kumtia pilipili machoni, kumpiga ili atoe asichonacho, hiyo si sala. Kanisa halimruhusu mtu yeyote kujitwalia kazi ya kupunga pepo. Kazi hiyo ni ya padre aliyepewa ruhusa na Askofu, na Kanisa lamwagiza kwanza ahakikishe kwamba si ugonjwa. Tena sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yamwadhibu kwa kifungo mtu amshtakiye mtoto uchawi. Jirani asemaye "kuna kitu ndani yake" ajue kwamba anena neno liwezalo kumtoa mtoto nyumbani kwao milele, nalo ni dhambi dhidi ya Amri ya Nane.

Basi tufanyeje nyumbani? Yule mama aliniambia, "Nampigia kelele tangu asubuhi hadi jioni, koo lauma." Nilimwuliza amwambiaje. Akasema: "Namwambia: Amka, nawa, leta kuni, angalia mbuzi asiingie kwenye maharagwe, na usisahau daftari kama jana." Mambo matano kwa pumzi moja, naye mtoto yu uani, mama yu jikoni! Hata mimi ningesahau matatu.

Mwendee. Mguse bega. Ngoja akutazame machoni. Mwambie neno moja: "Leta kuni." Mwambie arudie: "Nimekutuma nini?" Akisema "kuni", aende. Akizileta, mshukuru papo hapo, si jioni. Kisha ndipo umpe neno la pili. Njia hii yaonekana ndefu, lakini ni fupi kuliko kelele.

Siku yake iwe na njia iliyokanyagwa: kuamka, kunawa, sala, chai, shule, kwa utaratibu uleule kila siku. Daftari na kalamu vikae mahali pamoja, katika mfuko mmoja uliotundikwa kwenye msumari karibu na mlango, hata usiku mkono wake uujue. Kazi ndefu ikatwe vipande. Usimpe kupalilia shamba zima. Mpe mistari miwili ya maharagwe, akimaliza akimbie hadi mtoni na kurudi, kisha mistari miwili mingine. Mwili wake wataka kwenda, basi uende kwa faida. Jioni alale mapema, kwa maana usingizi mdogo humwongezea yote mabaya. Na mwangalieni sana karibu na moto, na mafuta yachemkayo, na barabara ya pikipiki, kwa kuwa miguu yake hutangulia fikira zake.

Akikosa, adhabu iwe ndogo, iwe karibu, iwe ileile daima. Amemwaga maji kwa kuruka? Akateke mengine. Basi, imekwisha; usiihifadhi hadi baba arudi. Najua baadhi yenu watanitajia Kitabu cha Mithali na fimbo yake. Mchungaji huwa na fimbo, ni kweli, naye huitumia kuwaelekeza kondoo na kumfukuza chui. Sijaona mchungaji wa Kivu aliyemnenepesha kondoo kwa kumpiga. Na wachunguzi wa malezi wameona kwamba kipigo humfanya mtoto huyu azidi ukali na hofu, wala hakimwongezei nguvu ya kungoja.

Katika sala vilevile. Msimlazimishe rozari nzima kwa magoti, kisha mkasema hapendi Mungu. Mpeni fungu moja, ashike shanga mkononi, aongoze yeye. Kanisani aketi pembeni, karibu na mzazi, mahali awezapo kutoka kidogo bila kuwakanyaga watu. Mimi siku hizi watoto wa namna hiyo nawapa kazi: mmoja apiga kengele, mwingine agawa vitabu, mwingine afuta ubao. Maulizo ya Katekisimu twayajifunza tukitembea kuzunguka kanisa, hatua na jibu, hatua na jibu. Mtakatifu Yohane Bosko, aliyeishi Italia mwaka 1815 hadi 1888, alipokuwa mtoto aliwakusanya wenzake kwa michezo ya kutembea juu ya kamba, kisha akasali nao. Alipokuwa padre aliwalea maelfu ya vijana wa mitaani wa mji wa Turin kwa akili, dini na upendo, akakataza viboko. Mnadhani vijana wale walikuwa watulivu?

Na Mtume Petro! Simwiti mgonjwa, sina haki hiyo. Lakini someni Injili: ni nani asemaye kabla ya wenzake, ajirushaye ziwani na nguo zake, achomoaye upanga na kukata sikio la mtumishi kabla hajafikiri? Bwana Yesu alimkemea mara kadhaa, tena kwa nguvu. Hakumfukuza.

Neno kwa akina baba. Mara nyingi mtoto huyu aachwa mikononi mwa mama peke yake, na yeye ndiye alaumiwaye: "Wewe umemdekeza." Baba, mchukue mtoto saa moja kila siku, hata kama ni kwenda naye shambani tu, ili mama apumue. Na mama akichoka hata akasema maneno aliyojutia, asikate tamaa. Amwombe mtoto radhi. Mzazi hapungukiwi heshima kwa kufanya hivyo. Msisahau pia wale ndugu wengine walio watulivu. Wao nao huona kwamba macho yote yamwelekea mmoja, nao wana haki ya kuitwa na kusifiwa.

Mtoto huyu atapona? Kwa wengi, kuruka na kukimbia hupungua wakikua. Kukosa kukaza fikira hubaki kwa wengi wao, ila hujifunza njia za kuishi nako. Wako wafanyabiashara wa sokoni, mafundi na madereva ambao hawakuweza kuketi darasani, na leo ni watu wa kutegemewa, kwa kuwa walipata kazi iliyofaa mwili wao na mtu aliyewangoja.

Yule mama alirudi Alhamisi, na mume wake pamoja naye, na mtoto kati yao. Baba alikuwa amekunja uso; alisema amekuja kusikia tu. Tulizungumza kwa muda, naye hatimaye akasema, akitazama chini, kwamba yeye mwenyewe alitoroka shule katika darasa la nne kwa sababu ya fimbo. Mkewe akamtazama kama mtu asikiaye habari mpya. Wamekubali kwenda kituo cha afya Jumanne, na safari ya chumba cha maombi wameiacha. Kabla hawajaondoka nilimwomba mama ajaribu mbele yangu. Akamwendea mtoto, akamgusa bega, akangoja. "Leta maji." Mtoto akakimbia, akarudi na kikombe, nusu ilikuwa imemwagika njiani. Mama alianza kufungua kinywa kama alivyozoea, akajizuia, akasema, "Asante, mwanangu."

Kwa mafundisho ya juma lijalo kila mzazi alete jibu la ulizo hili: tangu Dominika nimemsifu mtoto wangu kwa jambo gani, na alifanyaje uso? Asiye na jibu aje hivyo hivyo. Wenye watoto wasiotulia waje nao; tutafundishia nje, chini ya mwembe, penye nafasi.